Kabla Herufi Haijachomoza

9 Februari

Mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta umekula, maana nakujua: wewe ukipata kazi unasahau kama una tumbo. Sisi wazima. Shemeji yako yuko njiani na lori lake, akirudi analala siku mbili, akiamka anauliza nani kahamisha viti. Paa tumeliziba. Cherehani nimeibadilishia mkanda, sasa inakimbia kuliko mimi, na msimu huu wa sare za shule sina hata muda wa kujikuna.

Sasa tafuta pa kukaa nikupe habari. Ile televisheni uliyotutumia nimeiweka juu ya kabati fupi la vitambaa, na kila jioni kipindi chenu kikianza, sebule yangu inageuka darasa. Mama wa duka analeta wanawe wote. Wanakaa mkekani, mimi nipo kwenye cherehani, na mbele yao wote, pua imegusa kioo, amekaa Bi Mdogo.

Huyu mwanangu atatumaliza! Yule Kobe wako wa kitambaa anatoa kichwa, kinanda kinalia, na kabla herufi haijachomoza nyuma ya meza, keshapiga kelele: "S!" Herufi ikitokea, kweli ni S. Wenzake bado wamekodoa macho, yeye keshamaliza. Mara ya kwanza nilidhani kabahatisha. Ya pili nikasimamisha cherehani. Ya tatu nilipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kama kuna harusi. Sasa imekuwa desturi: akipatia napiga vigelegele, naye anageuka upande wangu anacheka mpaka anaziba uso. Mtoto wa miaka mitano! Mimi niliyeachia shule njiani, nimezaa profesa.

Ana mapungufu yake, usidhani namsifia tu. Mvivu wa kazi za mikono. Ukimpa sindano atunge uzi anakuletea vyote viwili vimejaa mate. Juzi kamwaga chai yote, kikombe kilikuwa mbele yake. Anagonga milango kama baba yake akirudi safari.

Na hajui kama Kobe ni wewe. Nimemwambia mjomba wako anafanya kazi televisheni, akaniuliza, "Anafagia?" Nikamwambia huenda.

Ni mimi dada yako, mama wa profesa.


26 Februari

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya meza, ndiyo ofisi yangu, na nimecheka mpaka Kobe akatikisika. Mwambie Bi Mdogo kweli nafagia. Sakafu ya studio ninaijua kuliko mfagiaji, maana kutwa nzima nimeilalia mgongo, mkono mmoja umeingia ndani ya Kobe na mwingine unashika vijiti vya herufi. Mimi mzima, shingo tu ndiyo haitaki kurudi mahali pake. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta ni mzuri, umepakwa rangi mwaka huu.

Watu wakitazama wanadhani ni mchezo. Vyaelea vimeundwa, dada. Kila herufi imebandikwa kwenye kijiti, na kabla sijainua mpya lazima nishushe ya zamani, niipapase inayofuata, niigeuze isije ikatokea kichwa chini. Hapo katikati pangekuwa kimya. Ndipo mpiga kinanda wetu akanitungia kinga: kila herufi ina kawimbo kake. M inapanda taratibu kama mtu mnene kwenye ngazi, S inateleza, K inagonga. Kawimbo kakiisha, herufi ndiyo inachomoza. Kobe anauliza, "Huyu nani?", anafumba macho na kusubiri. Kule kusubiri ndiko ninakokupenda kuliko yote. Nakuwa pale chini, mkono juu, nimenyamaza, nikijua kwamba katika nyumba nisizozijua watoto wananijibu. Sasa ipo na nyumba moja ninayoijua.

Umeniandikia kwamba anajibu kabla herufi haijachomoza. Ni kabla kabisa, au inapoanza kuonekana? Ni mambo ya kazi tu, mtayarishaji wetu anapenda kujua. Na siku moja jaribu kupunguza sauti yote, uone anavyofanya. Mwambie pia akae nyuma kidogo na wenzake.

Sijui kwa nini leo nimemkumbuka mama, alivyokuwa akitafuta kikombe mezani, vidole vidogo vikitangulia. Mimi nilikuwa mdogo, nilidhani watu wote wazima wanashika vikombe hivyo.

Msalimie shemeji. Mwambie viti nimehamisha mimi.

Mdogo wako.


30 Machi

Mdogo wangu,

Usinune kwa kuchelewa kujibiwa, sare zimenimaliza. Nimeshona kola mpaka naziota. Shemeji yako alipita, akalala, akaondoka. Mama wa duka kapaka duka lake rangi ya buluu, sasa hata unga wake unaonekana wa buluu.

Bi Mdogo amepata mwalimu wa chekechea mwenye mdomo mrefu. Anasema mtoto kichwani yuko vizuri lakini akiandika anatoka nje ya mstari, na akicheza uwanjani anajigonga kwa wenzake. Nimemwambia mwanangu si treni, mistari ya nini. Watu hawapendi kuona mtoto wa fundi cherehani anawapita wa kwao.

Ile sauti, kitufe kimekatika. Fundi akija nitaangalia.

Hilo la kukaa nyuma nimelisikia. Anapenda mbele, mwache. Wewe ulipokuwa na umri wake ulikuwa unalala na viatu, nani alikukataza?

Jambo lingine, nakuomba usimtaje mama kwenye barua hizi. Bi Mdogo ananitaka nimsomee kila neno la mjomba wake, na sehemu ile nikaimeza, nikasoma mambo ya ukuta wako mara mbili. Mama alipofuka alikuwa mtu mzima amezaa. Hayo yalikwisha, tuliyazika naye. Mimi ndiye niliyekuwa bega lake, mimi ndiye najua yalivyokuwa, kwa hiyo nikisema yamekwisha, yamekwisha.

Bi Mdogo anakusalimia. Anauliza Kobe anakula nini.

Dada yako.


20 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Nimekuelewa. Sitamtaja tena.

Mwambie Bi Mdogo Kobe anakula majani ya plastiki, na siku za sikukuu anaongezewa soksi yangu ya zamani. Mimi mzima. Mvua imenyesha, ule ukuta wangu umeanza kubabuka, nimehuzunika kama umekuwa ndugu.

Wiki hii tunarekodi vipindi vipya, vitaonyeshwa mwezi wa sita. Kuna kitu tumekibadilisha kidogo. Usikikose cha kwanza, dada. Kaa naye umtazame yeye, si Kobe. Acha hata cherehani.

Halafu nimewaza. Kwa nini msije huku, wewe na yeye? Nitamwonyesha studio, atashika kinanda, atamwona Kobe ana kwa ana. Na mjini huku kuna mambo mengi, kuna hospitali nzuri, mtu akitaka kupimwa chochote, meno, macho, anapimwa asubuhi na jioni yuko nyumbani. Nasema tu. Godoro lipo, mimi nimezoea sakafu.

Nijibu kama mtakuja.

Mdogo wako.


14 Juni

Wewe,

Leo sikuandikii habari za nyumbani. Unazijua. Umezijua kabla yangu.

Nilifanya ulivyosema. Tena nilifanya zaidi, kwa ujinga wangu niliwaita watu. Nilisema mjomba wake kaandika tusikose, labda kuna jambo la sifa. Mama wa duka alikuja na wanawe, fundi viatu alifunga kibanda mapema, hata mwalimu wa mdomo mrefu nilimwalika, aje ajionee. Bi Mdogo nimemsuka, nimemvalisha gauni la njano nililomshonea kwa vipande vya sare. Akakaa mahali pake, pua kwenye kioo.

Kobe akatoa kichwa. Herufi ikachomoza kimya kimya. Hakuna kinanda. Kobe akauliza, "Huyu nani?", akafumba macho.

Bi Mdogo akanyamaza.

Watoto wa mama wa duka wakasema M. Ndipo kinanda kikalia, na yeye akapiga kelele, "M!", nyuma ya kila mtu. Wakacheka. Ikaja nyingine. Herufi kubwa, nyekundu, inamjaa usoni, mimi kutoka kwenye cherehani naiona! Akageuka, si kwenye kioo, akageukia kwangu, akasema, "K?" Ilikuwa A. Mtoto mdogo wa mama wa duka, ambaye bado anajikojolea, akamwambia, "Wewe huoni?"

Hakuna aliyecheka tena. Mama wa duka akaanza kukusanya viatu vya wanawe. Mwalimu akanishika mkono, na mkono wake ndio ulioniudhi kuliko yote, kwa sababu ulikuwa mpole.

Asubuhi yake nilisimama mlangoni pa chumba, katikati kabisa, kumekucha kweupe. Sikusema neno. Akatoka kitandani, akaja akiimba, akanigonga tumboni. Akasema, "Samahani, mama wa duka."

Mimi! Mama yake mzazi!

Sasa nijibu. Ulijua tangu barua yangu ya kwanza, si ndiyo? Ukaniuliza ya sauti, ukaniuliza ya kukaa nyuma, ukamleta mama na kikombe chake, ukazunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Stempu ni kitu cha thamani gani? Maneno mawili, "mpeleke hospitali". Badala yake ukaenda kuyasema kwenye televisheni, yapikwe miezi miwili, yaje kunikuta mbele ya majirani! Watoto wote wa nchi hii mmewabadilishia kipindi ili mimi mtu mmoja niambiwe ukweli, na bado umenifikia umechelewa.

Na usiniambie nilikuwa sitaki kusikia. Najua nilikuwa sitaki. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi yangu niliyafungia kabatini pamoja na vitambaa. Kitufe cha sauti hakijawahi kukatika. Lakini mimi ni mama, nilikuwa na haki ya kuogopa. Wewe ulikuwa na haki gani?


22 Juni

Dada,

Sina haki yoyote. Njooni.

Nimeshaongea na hospitali ya macho, wamesema aletwe mara moja, msisubiri hata wiki. Pandeni basi la asubuhi, nitakuwa stendi tangu mchana. Nitavaa shati jeupe ili umwonyeshe kwa mbali. Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Nitawaita kwa sauti.

Kwa nini sikuandika maneno mawili? Niliyaandika, dada. Niliyaandika mara nyingi nikayachana. Kila nikifika kwenye neno macho nakuona wewe, msichana wa shule ambaye hakwenda shule, umevaa sare uliyokuwa umeanza kuizidi, mkono wa mama uko begani, unamwambia, "Hapa jiwe, hapa maji, hapa mtu anapita." Mimi nyuma yenu na begi langu. Uliacha darasa la nne ili mimi nimalize yote. Ningekuandikia nini? Kwamba urudi barabarani, safari hii na mwanao? Mkono uliofundishwa kuandika kwa jasho lako ukakataa.

Nikajidanganya kwamba ukiona mwenyewe itauma kidogo. Nikajiambia labda nimekosea, labda ataijibu herufi bila kinanda, na wewe hutajua kamwe nilichokiwaza. Nikamwomba mpiga kinanda asogeze nyimbo zake, nikampa sababu za kitaalamu, mtayarishaji akanipongeza. Nikalala chini ya meza nikainua zile herufi moja moja katika kimya, na kila moja nilikuwa namuuliza mtoto mmoja tu: unaiona? Jibu lake nikaliahirisha mpaka mwezi wa sita. Huo ndio woga wangu, sina jina lingine la kuupa.

Nitukane ukifika. Lakini fika.


17 Agosti

Dada yangu,

Natumai mlisafiri salama na Bi Mdogo hakumaliza biskuti zote kabla basi halijatoka mjini. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Nimekuta kibanio chake cha nywele chini ya godoro, nimekiweka dirishani.

Nilitaka kuyasema stendi lakini wewe ulikuwa unahesabu mizigo kwa sauti, nikajua hutaki tuongee. Basi niyaseme hapa.

Daktari yule alikuwa mtu mwema. Aliposema ni presha ya macho, inatembea kwenye damu za familia, nilimwona mama amekaa nasi pale kwenye benchi. Aliposema jicho la kulia limekwisha, uliuliza, "Limekwisha vipi, mbona bado ni zuri?", na yule nesi akageukia ukutani. Aliposema la kushoto limebaki kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na kwamba dawa ya matone asubuhi na jioni huenda ikalilinda hilo tundu, ulisema asante. Na aliposema, "Mngekuja mapema mwaka huu, tungeokoa zaidi," hukunitazama. Nilingoja unitazame. Ulikuwa unamfunga Bi Mdogo kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Dada, mimi naweza kuhesabu. Februari mpaka Julai ni muda gani kwa jicho? Kobe hana haraka, ndivyo tunavyowafundisha watoto. Nilisubiri wewe useme, wewe ukaomba nisinyooshe kidole. Macho hayakutusubiri.

Nakumbuka studio zaidi ya hospitali. Nilidhani atavunjika moyo akimshika Kobe na kukuta ni sponji na kitambaa. Akamvua mkononi mwangu, akamvaa yeye, akamwambia, "Pole, kumbe ndani mna giza." Mpiga kinanda akatoka nje kwenda kuvuta sigara, na havuti sigara. Baadaye alirudi akampigia nyimbo zote, naye akazijibu zote mkono ukiwa ndani ya Kobe, hata moja hakukosea. Wewe ulikaa kwenye kiti cha mtayarishaji, mikono imelala mapajani. Sikusikia vigelegele.

Nyimbo tunazirudisha mwanzo, nimeshawaambia, na sababu safari hii nimeitoa ya kweli. Vipindi hivyo vitachelewa kuonyeshwa. Kwa sasa watarudia vya zamani. Mimi nashindwa kazi. Kobe akifumba macho nashindwa kusubiri, namfumbua haraka, wananiambia nirudie. Ule muda wa kimya niliokuwa naupenda, sasa najua nani yuko upande wa pili na haoni.

Fundi mbao wa studio amenichongea herufi za mti, kubwa kiasi cha kiganja. Nimemfungashia, zitawafikia. Nimesikia pia ipo shule inayofundisha kusoma kwa vidole, naulizia.

Usiponijibu nitaelewa. Ukinijibu nitashukuru.

Mdogo wako.


28 Septemba

Mdogo wangu,

Umekula? Jibu kweli.

Tumefika salama, biskuti zilikwisha kabla ya daraja. Shemeji yako alipoambiwa alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa, na viatu vyake vya safari. Kisha akainuka akavirudisha viti vyote ukutani, akasema kuanzia leo hakuna atakayehamisha kiti nyumba hii. Amekigongelea misumari hata kile chenye mguu mbovu. Matone tunaweka, asubuhi mimi, jioni baba yake akiwepo. Herufi za mti zimefika. Analala nazo, na ile O anaivaa mkononi kama bangili.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ikaisha nikawa sina cha kuandika. Unasema unaweza kuhesabu. Na mimi pia. Nilikuwa nahesabu tangu alipoanza kutia mate kwenye uzi, maana mama naye alianza na sindano, na mimi ndiye niliyekuwa namtungia. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote, wewe ni mtu mwembamba. Tuubebe wawili. Maji yamemwagika, hayazoleki, na aliyeinamisha ndoo na aliyemtazama wote wamelowa.

Lakini hilo si nililokaa kuandika. Jana wamerudia kipindi cha zamani. Majirani siku hizi hawaji, wanaona haya kwa niaba yangu. Tulikuwa wawili. Nilikuwa nakata kitambaa, yeye kakaa mahali pake, ila sasa hasogei tena kwenye kioo, ameegemea mguu wa cherehani. Kinanda kikalia, ule wimbo wa S unaoteleza. Kobe wako akauliza, akafumba macho.

Bi Mdogo kimya.

"Haya, sema," nikamwambia. "Hiyo unaijua."

"Naijua. Sema wewe, mama."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye unayeiona. Mimi nilikuwa naisikia tu."

Nikaweka mkasi chini. Nikamuuliza, "Tangu lini, mwanangu?" Akasema tangu zamani. Tangu televisheni ilipokuja, alikuwa anaona rangi zinapanda na kushuka, basi. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Nilimuuliza vibaya, mdogo wangu, kwa sauti ya mtu anayegomba. Akashika ile O yake akaizungusha mkononi.

"Ulikuwa unafurahi," akasema. "Ulikuwa unapiga vigelegele."

Sasa unaelewa. Tulidhani ni wewe na mimi tunafichana. Kumbe nyumba ilikuwa na mtu wa tatu, mdogo kuliko sote, na yeye ndiye aliyekuwa anatulinda.

Kobe alikuwa bado amefumba macho. Siku zile alikuwa anajua kusubiri, usimharibu, mrudishe alivyokuwa. Nikashuka kwenye kiti, nikakaa naye chini, nikamchora mgongoni kwa kidole, kutoka bega mpaka kiuno, mkunjo wa juu na mkunjo wa chini. Nikasema, "S."

Naye akanigeukia, akakosea kidogo upande, akanipigia vigelegele.

Dada yako.